Baniani Aliyefungua Mlango wa River Road

Juma hili nataka kuwahadithia maisha ya Baniani mmoja. Najua wako watakaouliza Muislamu ana haja gani na mtawa wa Kihindu, tena katika ukurasa tuliozoea kuzungumzia ardhi, vitambulisho na bei ya samaki. Haja ipo, na ndugu zetu wa Pwani wanaoishi Thika na Ruiru huenda wakaiona kabla ya sisi tuliobaki huku.

Mpwani aliyekwenda kutafuta riziki katika miji ile miwili, mara nyingi tajiri wake ni Mhindi. Atamfanyia kazi miaka 20. Atajua majina ya watoto wake, atajua anapenda chai ya namna gani, atajua kuwa Diwali kiwanda hufungwa. Lakini kizingiti cha hekalu la tajiri wake hajapata kukivuka, na meza yake hajapata kukaa. Naye tajiri hajui kijana wake huswali wapi Ijumaa. Jioni mmoja apanda gari lake, mwengine apanda matatu, na asubuhi waanza upya. Sisi nasi kwa yote hayo tuna methali moja tu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Itazameni vizuri methali hii. Kiatu chajulikana na faida yake yajulikana, ila Baniani mwenyewe hana aliyemuuliza habari zake. Hata jina twamkosea. Wengi wa akina Shah wenye viwanda na maduka ya jumla kule Thika asili yao ni Oshwal, na dini yao ni ya Kijaini, ambayo ni mbali na Uhindu. Lakini kwetu wote ni Banyani, basi.

Mtu ninayemtaja leo alikuwa Mhindu hasa, na jina lake lilienea dunia nzima. Aliitwa A.C. Bhaktivedanta Swami, na wanafunzi wake wakamwita Prabhupada. Ndiye mwanzilishi wa wale Hare Krishna wenye kanzu za rangi ya zafarani, wanaopita njiani na ngoma na matuazi. Mnamo Septemba 1971 alishukia Mombasa, kisha akapanda Nairobi, na huko akafanya jambo ambalo Wahindi wenzake wengi hawakulipenda.

Alizaliwa Calcutta tarehe 1 Septemba 1896, India ikiwa bado chini ya Waingereza. Jina alilopewa ni Abhay Charan De. Baba yake, Gour Mohan De, alikuwa mfanyabiashara wa nguo na mcha Mungu wa dini yake, mtu aliyependa nyumba yake iingie wageni watakatifu, akawapa chakula na kuwaomba wamuombee mwanawe. Mama alikuwa na ndoto nyingine: kijana apelekwe Uingereza akasomee uwakili. Baba alikataa, akihofu mtoto angerudi na tabia za Kizungu. Ni ubishi ambao nyumba nyingi za Pwani zaujua, baina ya chuo na skuli. Mwisho kijana alisoma papo hapo Calcutta, katika chuo cha Scottish Church kilichoanzishwa na wamishonari. Akamaliza masomo mwaka 1920, lakini digrii yenyewe akaikataa, kwa kuwa Gandhi alikuwa amewataka Wahindi wasusie vitu vya mkoloni. Wakati huo alikuwa ameshaozwa.

Mwaka 1922 rafiki yake alimvuta kwenda kumuona mwalimu aitwaye Bhaktisiddhanta Saraswati. Mwalimu huyu aliwatazama vijana wale wawili, na kabla hawajakaa vizuri akawaambia wawapelekee watu wa dunia mafunzo ya Chaitanya kwa lugha ya Kiingereza. Abhay akajibishana naye. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi iliyo utumwani hakuna atakayeisikiliza, kwanza uhuru upatikane. Mwalimu akamjibu kuwa serikali huja na kuondoka, na kwamba haja ya roho haingoji siasa. Yule kijana alitoka pale ameshindwa, na baadaye akawa anasema kuwa tangu siku ile moyoni alimkubali kuwa mwalimu wake.

Huyo Chaitanya yafaa nimueleze kidogo. Alikuwa mtawa wa Bengal aliyezaliwa mwaka 1486, aliyefundisha kuwa kulitaja jina la Mungu kwa kuimba, tena hadharani barabarani, kunamtosha mtu yeyote, wa tabaka la juu au la chini. Kwa Wahindu wa zama zile, waliogawanya watu tangu kuzaliwa, haya hayakuwa maneno mepesi. Miongoni mwa wanafunzi wake wakubwa walikuwa ndugu wawili, Rupa na Sanatana, waliokuwa watumishi wa juu wa Sultani Husain Shah wa Bengal, mfalme Muislamu. Na mapokeo yao yasema kuwa mmoja wa waliotukuzwa zaidi, Haridasa, alizaliwa katika nyumba ya Waislamu. Sisi hilo tutakuwa na neno letu juu yake, lakini laonyesha kuwa mlango wa njia ile, angalau kwa asili yake, haukuwekewa bawabu.

Baada ya pale ikapita miaka mingi ya maisha ya kawaida, na hapa sitakawia. Alikuwa mtu wa dawa. Alifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Calcutta, akahamia Allahabad mwaka 1923, akafungua duka la dawa, akalea watoto. Biashara ilipanda na kushuka, mara nyingi ikishuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akapokewa rasmi kuwa mwanafunzi wa Bhaktisiddhanta, na mwalimu huyo alipokaribia kufa, mwishoni mwa 1936, akamuandikia barua yenye agizo lile lile la mwanzo: Kiingereza, na nchi za nje. Mwaka 1944, vita vikiendelea, karatasi ikitolewa kwa kipimo, na Bengal ikiwa ndiyo kwanza imetoka katika njaa iliyoua watu kwa mamilioni, akaanzisha jarida la Kiingereza la dini. Aliliandika mwenyewe, akalihariri mwenyewe, akalipiga chapa mwenyewe, kisha akazunguka kwenye mikahawa kuliuza mkono kwa mkono.

Nyumbani hawakuwa pamoja naye katika hayo. Mkewe alipenda chai, na katika njia ya mumewe chai ni haramu pamoja na kahawa, pombe, nyama, samaki, mayai na kamari. (Ruiru yenye kituo cha utafiti wa kahawa ingekuwa na shida na fatwa hiyo, na Mpwani akiambiwa aache samaki na kahawa kwa siku moja sijui atabakiwa na nini.) Siku moja, kwa habari walizosimulia wanafunzi wake, alirudi akakuta kitabu chake kitakatifu kimeuzwa ili zinunuliwe biskuti za chai. Akaondoka. Hili nalitaja kwa sababu wanaomsifu hulisimulia kana kwamba ni kichekesho, nami sioni kichekesho. Mwanamke aliachwa na watoto, na mume akawa msafiri wa Mungu. Hata masufii wetu walikuwa na wake zao waliobaki nyumbani wakihesabu siku, na hakuna aliyeandika vitabu vyao.

Tangu katikati ya miaka ya 1950 alikuwa mtu asiye na kwao. Alilala hapa na pale, akagonga milango ya matajiri wa Delhi kuomba karatasi ya jarida, akahamia Vrindavan, mji ambao Wahindu wanaamini Krishna alikulia. Septemba 1959, akiwa na miaka 63, aliingia katika daraja la sanyasi, yaani mtawa aliyeacha mali, mke na nyumba, asiyefungwa na mji wowote. Katika chumba kidogo cha hekalu moja la zamani akaanza kutafsiri Bhagavata Purana, kitabu kikubwa mno cha Kisanskriti, kwa Kiingereza. Majuzuu matatu ya kwanza aliyatoa kwa fedha za kuombaomba.

Halafu akafanya safari. Mwaka 1965 alimwendea Bibi Sumati Morarjee, mwenye kampuni ya meli ya Scindia, akamuomba nafasi ya bure mpaka Marekani. Bibi yule alimsihi asiende, kwa umri wake angeweza kufa njiani. Hakukubali. Akapewa nafasi katika meli ya mizigo iitwayo Jaladuta, ikang'oa nanga Calcutta tarehe 13 Agosti. Msomaji ajue kuwa kwa Wahindu wa kale kuvuka bahari kulimtoa mtu katika tabaka lake, na wako watawa ambao mpaka karne iliyopita hawakuthubutu. Mzee huyu alivuka akiwa na masanduku ya vitabu vyake na rupia 40 ambazo kule hazikuwa na thamani. Ikapita Colombo, ikapita Cochin, ikaingia bahari ile ile ambayo majahazi ya Lamu na Mombasa yaliijua kwa pepo za kusi na kaskazi. Humo baharini moyo ulimpiga mara mbili, usiku mmoja baada ya mwengine. Alitimiza miaka 69 akiwa ndani ya meli. Siku ya 35, tarehe 17 Septemba, wakafika Boston.

Mwezi wa kwanza alikaa katika mji mdogo wa Butler, jimbo la Pennsylvania, kwa familia iliyomdhamini. Kisha New York, na baridi yake. Huko hakuwa na mtu. Alihama chumba hadi chumba, mashine yake ya kupigia chapa ikaibiwa, akaishia katika mtaa wa Bowery, makao ya walevi walioshindwa na dunia, akigawana chumba na kijana ambaye siku moja dawa za kulevya zilimpanda kichwani ikabidi mzee akimbie. Vijana waliomzunguka baadaye wakampatia kibanda cha duka katika barabara ya Second Avenue, nambari 26. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha duka lililotangulia, hakikung'olewa. Hapo, Julai 1966, akasajili jumuiya yake, ISKCON, jina kubwa la kimataifa kwa mtu aliyekuwa na chumba kimoja. Oktoba mwaka ule akakaa chini ya mti katika bustani ya Tompkins Square, akapiga ngoma, vijana wenye nywele ndefu wakaimba mpaka jioni, na magazeti yakaandika.

Ya baada ya hapo yanajulikana. San Francisco mwaka 1967. London mwaka 1969, ambako George Harrison wa kundi la Beatles aliwasaidia wanafunzi wake kutoa sahani ya santuri ya wimbo wao, ikapigwa redioni Ulaya nzima. Moscow mwaka 1971, chini ya macho ya serikali isiyotaka dini. Watu husema alizunguka dunia mara 14 katika miaka 12. Sasa tufike kwetu.

Nairobi ile ya 1971 na miji inayoizunguka ilikuwa na hesabu ya zamani isiyolipwa. Chukua Thika. Reli ilifika pale mwaka 1913, na nyuma ya reli yakafuata maduka ya Wahindi kama ilivyokuwa kila stesheni kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mkoloni aliwazuia Wahindi wasimiliki mashamba ya nyanda za juu, aliyoyaweka kwa Wazungu, hivyo Mhindi akabanwa mjini, na ubepari wake ukawa wa dukani. Kila rangi ilikuwa na skuli yake, hospitali yake na mtaa wake. Mhindi aliishi juu ya duka, Mwafrika akaingia dukani kwa mlango wa mbele kununua na kwa mlango wa nyuma kufanya kazi, na hekalu lilijengwa kwa ajili ya wenyewe. Serikali ya mkoloni iliujenga ukuta huo, hilo ni kweli, ila tabaka za Kihindi zilileta mawe yake pia. Uhuru ulipokuja, ukuta wa sheria ulianguka lakini ule wa desturi ukabaki wima. Mwaka 1967 Bunge la Kenya likapitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na mwanzoni mwa 1968 Wahindi kwa maelfu wakakimbilia Uingereza kabla nayo haijafunga mlango wake. Waliobaki walikuwa na hofu. Januari 1971 Idi Amin akachukua madaraka Uganda.

Katika hali hiyo ndipo Prabhupada akashuka Mombasa, Septemba, akitokea London. Mwanafunzi wake Mmarekani, Brahmananda Swami, alikuwa ametangulia. Mombasa alikaa siku chache, katika nyumba ya Mhindi mwenyeji wake, karibu na bahari, na mambo yakawa ya nyumbani tu: Wahindi wakaja, wakasikiliza, wakala, wakaondoka. Nairobi nako mambo yalianza vivyo hivyo. Alialikwa na matajiri, akawekwa mahali pazuri, na wasikilizaji wake wakawa wale wale waliozoea kusikia mambo hayo tangu utotoni.

Hakuridhika. Wanafunzi wake walioandika habari zake wasimulia kuwa aliwauliza Waafrika wako wapi. Alikuwa amewapeleka Afrika, iweje wanahubiria Wahindi peke yao? Palikuwa na hekalu la Radha na Krishna katika River Road, mtaa ambao kila aliyewahi kuishi Nairobi aujua: wapita njia ni wananchi wa kawaida, wachukuzi, mafundi, watu wa mabasi. Hekalu lilikuwa katikati ya Waafrika na ndani hakuwamo Mwafrika. Akaagiza milango ifunguliwe. Akaagiza waimbe, na chakula kilichotolewa wakfu kigaiwe kwa yeyote atakayeingia. Milango ikafunguliwa na watu wa River Road wakaingia, wengine kwa kuvutwa na ngoma, wengine kwa njaa, wengine kwa kutaka tu kuona ndani mna nini baada ya kupita nje miaka yote. Wahindi wenye kuliangalia hekalu wakakasirika. Sakafu itachafuliwa, wezi wataingia, mambo hayajawahi kufanywa hivi. Yeye alisimama kwenye neno lake, na akawaonya kuwa wakiendelea kujitenga na Waafrika hakutabaki kitu katika nchi hii watakachoweza kukiita chao.

Akatoka tena akenda viwanja vya Kamukunji, pale ambapo wanasiasa wa uhuru walikuwa wakihutubia, akakaa chini ya mti, wakaimba mbele ya umati wa Waafrika. Akahutubia pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, vijana wa nchi yenye uhuru wa miaka minane, na hakuwabembeleza. Aliwaambia kwa maana hii: kwamba maendeleo wanayoyakimbilia Ulaya na Marekani yamewaacha watoto wa huko wakilala mitaani, na kwamba yeye ndiye aliyewaokota baadhi yao.

Agosti 1972, miezi 11 baadaye, Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90. Maduka yakaachwa na bidhaa ndani, mahekalu yakafungwa. Sisemi kuwa mahekalu yaliyo wazi yangemzuia Amin, yule hakuzuiwa na kitu. Lakini ni dhahiri kuwa walipofukuzwa, watu waliotoka barabarani kuwatetea walikuwa wachache mno, na wengi walioona walishangilia. Mtu aliyekula kwako hata mara moja ni mzito kidogo kukushangilia ukianguka.

Hapa nitaingia nyumbani kwetu, mniwie radhi. Lamu tulikuwa na mtu wa namna hii kabla yake. Habib Swaleh alikuja kutoka Ngazija katika karne ya 19, Sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl, na badala ya kukaa baraza za waungwana akaenda kuwasomesha watumwa, wajukuu wa watumwa na mafukara wa pembezoni mwa mji. Waungwana wa Lamu wakanung'unika: vipi mtumwa afundishwe elimu iliyokuwa ya wenyewe, vipi dufu zipigwe msikitini. Leo msikiti wake wa Riyadha ndio unaoleta dunia nzima Lamu kwa Maulidi, na hao wanung'unikaji hatuwakumbuki hata majina. Yeye alifariki mwaka 1935. Ukuta aliougonga ni wetu, tuliujenga wenyewe kwa maneno yetu ya uungwana na ustaarabu. Waislamu wa Kikuyu waliosilimu kule Thika na Ruiru, au baba zao waliosilimu zamani, ndio walio safu moja na watoto wetu wakiswali. Je, ni wangapi kati yetu wangefurahi kumuona mmoja wao akitangulia kuswalisha Mombasa, au kuja kuposa? Swali hili nawaachia wenye mabinti.

Sasa, mimi siandiki kumtakasa mtu. Kwanza, imani yake na yetu haziko pamoja, na mwenye tauhidi moyoni hahitaji nimfafanulie. Pili, mtu huyu alikuwa na upande mwengine, ambao wafuasi wake huupita kwa haraka. Mazungumzo yake mengi yalirekodiwa kwenye kanda, nayo yapo. Alisema juu ya wanawake maneno ya kuwadunisha. Na mwezi Februari 1977, akizungumza na wanafunzi wake huko Bengal juu ya matabaka, alisema juu ya watu weusi wa Marekani na utumwa wao maneno ambayo mtu mweusi hawezi kuyasikia asiumie, kwamba walikuwa afadhali walipokuwa chini ya mabwana. Ni yeye yule aliyefungua mlango wa River Road.

Nimelifikiria jambo hili sana. Wako wanaosema maneno yatolewe udhuru, alikuwa mzee, mgonjwa, mtu wa karne nyingine. Wako wanaosema basi hata mlango ule ulikuwa unafiki. Mimi naona vyote viwili ni vya kweli kwake. Alifundishwa tangu utotoni kuwa watu wana ngazi, na akafundishwa na mwalimu wake kuwa jina la Mungu halina ngazi, na mafunzo hayo mawili hayakuwahi kupatana ndani yake. Alipokuwa mbele ya watu, mlango ukiwa umefungwa na mwenye njaa akiwa nje, lilishinda la pili. Alipokaa na kuzungumza nadharia, la kwanza likarudi. Wenye viwanda walio wema kwa mfanyakazi mmoja mmoja na wakali wakizungumza juu ya "watu hawa" wako, na Wapwani wa namna hiyo wako pia tukizungumza juu ya watu wa bara.

Jumuiya yake nayo ilipata majeraha makubwa baada yake. Katika skuli zao za bweni watoto walidhulumiwa vibaya, na mwaka 1998 wenyewe walikiri hadharani. Baadhi ya warithi aliowaacha walianguka kwa fedha na anasa. Hayo yaandikwe pia. Na iandikwe kuwa mwanafunzi wake mmoja, Bhakti Tirtha Swami, Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika familia maskini ya Cleveland na kusoma Princeton, ndiye aliyekuja kuifanya kazi hii Nigeria na Ghana na nchi nyingine za Afrika mpaka alipofariki mwaka 2005.

Nairobi alirudi mwaka 1975, mwezi wa Oktoba, akitokea Afrika Kusini na Mauritius, ameshachoka. Jumuiya yake bado ina hekalu Nairobi, upande wa Ngara, na Waafrika huingia. Wahindi wa sasa wa Thika na Ruiru, kizazi cha tatu na cha nne, wazungumzao Kikuyu kuliko Mpwani yeyote, wana mahekalu yao, na ukitaka kujua mlango uko vipi sasa, nenda ukabishe hodi kwa adabu. Hakuna dini iliyokataza hodi.

Mwaka 1977 afya ilimuishia kabisa. Alirudishwa Vrindavan, hawezi kula, hawezi kukaa. Kulala hakulala sana tangu zamani: alikuwa akiamka saa saba za usiku kutafsiri, na hata pale kitandani, sauti ikiwa imebaki kidogo mno, aliendelea kusema tafsiri yake kwenye kinasa sauti kilichosogezwa karibu na mdomo. Bhagavata Purana ina sehemu 12, na alikuwa katika ya kumi. Hakuimaliza. Alikufa tarehe 14 Novemba 1977, akiwa na miaka 81. Wahindu huchoma maiti zao, lakini mtawa wa daraja lake hachomwi, huzikwa kwa udongo. Akazikwa kesho yake asubuhi, katika uwanja wa hekalu alilokuwa amelifungua miaka miwili kabla.